Shuka Nyuma ya Maksai

Nyinyi mnaoanza kazi ya redio siku hizi, mkipewa tu kiti mnauliza neno la siri la ukurasa wa kituo. Sisi tulikuwa tunauliza chai iko wapi. Kwa hiyo mtanivumilia nikiwaambia kwamba ukurasa wa kwanza wa Facebook wa kituo chetu pale Lodwar ulikuwa unaishi dirishani.

Nasema kweli. Modemu haikushika mtandao mahali pengine popote. Tuliifunga kwa kamba ya kiatu kwenye nondo za dirisha la studio, upande unaotazama barabara ya Kakuma, na mchana tuliikinga na jua kwa kipande cha katoni baada ya ile ya kwanza kupata joto mpaka ikafa. Mtu akitaka kujibu wasikilizaji alisimama pale, kompyuta mkononi, kama mtu anayengoja kununua kitu dukani. Upepo ukivuma kutoka mtoni, mchanga unaingia kwenye vitufe. Nilikuwa na brashi ndogo ya rangi kwa kazi hiyo tu. Mkienda kufanya kazi Lowarengak au Kainuk, bebeni brashi. Hakuna atakayewaambia hayo chuoni.

Mimi nilikuwa fundi mitambo. Shule niliacha darasa la sita, mama alipofariki mwaka mmoja baada ya baba, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na nyuma yangu kulikuwa na wanne. Niliingia kituoni kufagia na kupika chai. Nikipangusa vumbi kwenye mitambo nilikuwa nauliza kila kitufe kinafanya nini, na mtu pekee ambaye hakuchoka kunijibu alikuwa Ekidor, mtangazaji wetu wa siku nyingi. Siku fundi wetu alipopata kazi Eldoret na kuondoka bila kuaga, Ekidor alimwambia meneja wa wakati huo, "Akai huyu amekuwa akiendesha mashine kwa macho miaka yote. Mpe na vidole." Ndivyo nilivyokalia kile kiti, na sikukiacha mpaka nilipostaafu.

Ekidor alikuwa na kipindi kila Jumamosi jioni, cha nyimbo za maksai. Kwa msiotoka kwetu: mwanaume wa Kiturkana huwa na maksai mmoja anayempenda kuliko mifugo wengine wote. Humfunga kengele, humtungia wimbo, na akiuimba huinua mikono juu ifanane na pembe za huyo maksai. Hata jina lake ukubwani mara nyingi hutoka kwa maksai huyo. Ekidor alikuwa akirekodi nyimbo hizo malishoni na kuzipiga redioni, na kati ya wimbo na wimbo alizungumza na mwenye maksai kama watu wawili waliokaa kwenye vigoda vyao kivulini. Sauti yake haikuwa ya kutangaza. Ilikuwa ya kuuliza.

Mwaka 2012 alikuja meneja mpya kutoka Nakuru. Kijana, amesoma, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa hata katika mchanga wetu. Tulivicheka viatu vile, lakini nawaambia bila yeye tusingekuwa na ukurasa. Ndiye aliyeleta ile modemu. Alitukalisha wote na kutuonyesha jinsi ya kuandika, kuweka picha, kufuta matusi. Alikuwa mvumilivu. Mtangazaji mmoja alidhani kila anachoandika lazima akisome kwa sauti kwanza, na meneja hakumcheka.

Mwanzoni tulikosea kama watu wote. Tulibandika ratiba ya vipindi. Kila asubuhi ratiba. Nani anataka kusoma ratiba? Aliyejibu alikuwa mdogo wangu wa mwisho, wakati huo yuko chuo Kitale: "Dada yangu ndiye anabonyeza hapo. Dada, umekula?" Kwa muda mrefu hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya ukurasa wa redio nzima, mimi kuulizwa kama nimekula.

Kisha mtangazaji wa asubuhi akaanza kusoma salamu za Facebook hewani. Akasoma: "Salamu kwa mke wangu mpendwa Kainuk, asikilize wimbo huu akinikumbuka." Vizuri. Akashuka chini, akasoma nyingine: "Salamu kwa mke wangu mpendwa Katilu, mimi ni mzima." Jina la mtumaji lilikuwa lile lile, na wa Kainuk hakuwa na habari za wa Katilu. Yule bwana alikuja kituoni siku ya pili, amekaa tu kwenye benchi la nje. Nilipomuuliza anataka nini, alisema, "Sitaki kitu, mama. Nimekuja kukaa mahali ambapo hawatanitafuta." Tangu siku hiyo sheria yetu ikawa: soma yote mpaka mwisho, ndipo ufungue mdomo.

Aliyeuelewa ukurasa kabla yetu sote alikuwa Ekidor, mtu ambaye simu yake haikuwa hata na kamera. Alisimama dirishani siku moja akatazama jinsi mdogo wangu anavyoniandikia, akaniambia, "Akai, hiki si kipaza sauti. Huyu anakuuliza swali. Hapa ni mahali pa kusikiliza." Tangu hapo akaacha ratiba. Alimwomba kijana yeyote mwenye simu nzuri huko malishoni ampige picha mwenye wimbo akiwa na maksai wake. Wimbo wenyewe ulirekodiwa kwa simu hiyo hiyo, memori kadi ikafungwa kwenye karatasi ya sigara na kupewa dereva wa lori anayeelekea Lodwar. Picha tuliweka ukurasani siku mbili tatu kabla ya Jumamosi, na chini yake mstari mmoja tu wa kwanza wa wimbo. Mmoja tu. Meneja alitaka tuandike wote. Ekidor akamwambia, "Ukimpa mtu chakula chote barabarani, nyumbani anakuja kufanya nini?"

Na watu walikuja. Wanafunzi wa Kiturkana walioko Nairobi, askari, wauguzi, madereva, waliona picha wakaandika: huyo ni mjomba wangu, huyo maksai nilimchunga nikiwa mdogo. Redio yetu haikufika Nairobi, basi walipiga simu nyumbani na kusema, "Weka simu karibu na redio." Ekidor alisoma majina yao hewani, na mzee aliyekaa kule nyikani bila simu akamsikia mtoto wa ndugu yake akimsifia maksai kutoka mjini. Mtu wa mwisho kumwambia kitu kama hicho alikuwa ameshakufa, pengine.

Lakini hayo yalichukua muda kukua, na kiangazi cha 2013 meneja aliletewa shauri na wenye kituo. Walitaka saa ya Jumamosi jioni ijazwe na muziki uliorekodiwa tayari Nairobi. Hauhitaji mtangazaji, hauhitaji mafuta ya pikipiki. Meneja alimwita Ekidor, nami nikawa nimeshika birika la chai pale pale.

"Mzee, nitasema ukweli," meneja alisema. "Naamini watu wanasikiliza. Lakini siwezi kuwapelekea kuamini kwangu. Mwisho wa mwezi wataangalia ukurasa. Wakiuona unaishi, kipindi kinabaki. Wakiuona umekufa, kinaondoka na siwezi kuzuia."

"Na mimi?" Ekidor akauliza.

"Utasoma matangazo ya vifo na mbuzi waliopotea."

Ekidor akanywa chai yake yote. "Hiyo nayo ni kazi," akasema. Lakini nilimjua. Kipindi kile ndicho kilichokuwa maisha yake.

Sasa sikilizeni kosa lililotokea, maana ni kosa ambalo mtu wa Nairobi asingeliona kuwa kosa.

Ilifika picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupata. Mzee aitwaye Lopeyok, maksai wake mwekundu mwenye pembe pana, kundi zima la ng'ombe nyuma yake likinywa maji, na mlima nyuma ya kundi. Ekidor alifurahi hata akaniita nije dirishani. Aliibandika mwenyewe, na chini akaandika jina la mzee, jina la maksai, na jina la kisima.

Redioni Ekidor hakuwahi kutaja mahali mifugo walipo. Hiyo ni desturi ya kila mtangazaji wa kwetu. Unasema mifugo wamelala salama, basi. Wezi wa mifugo nao wana redio. Lakini ukurasa ulikuwa kitu kipya, mkono ukaandika kabla ya kichwa kukumbuka. Wajukuu wa wazee wakaanza kuandika chini ya picha: ondoeni hiyo, ondoeni sasa hivi. Wengine wakadhani ni utani. Tulipoiondoa, ilikuwa imeshapita kwenye simu nyingi.

Lopeyok alikuja mwenyewe, na wazee wawili. Hawakukaa.

"Ejok," Ekidor akasema.

Lopeyok hakujibu salamu. "Nyinyi watu ya redio, mnataka kutumaliza?" akasema. "Umeonyesha ng'ombe, umeonyesha maji, umeonyesha mpaka mlima. Ulisahau kuonyesha njia tu."

"Nimekosa, baba."

"Kisima hicho tulikuwa tukae nacho mpaka mvua. Sasa nimehamisha ng'ombe, na ndama hawana miguu ya kwenda. Kwa sababu ya picha." Akamtazama. "Wimbo wangu usipige tena. Na wa watu wangu usipige."

Hakuna ng'ombe aliyeibiwa, namshukuru Mungu. Lakini ndama walikonda katika safari ile, na habari zilienea haraka kuliko lori lolote. Memori kadi zikaacha kuja. Picha zikaacha kuja. Jumamosi iliyofuata Ekidor alipiga nyimbo za zamani, na kabla ya wimbo wa kwanza akasema hewani: "Nimeonyesha kisichoonyeshwa. Kosa ni langu, si la kituo, wala la kijana aliyepiga picha." Hakueleza zaidi. Meneja alinitazama kupitia kioo kana kwamba anauliza kama hilo liliruhusiwa. Nikaacha kipaza sauti wazi.

Wengi wenu mkikosea mtandaoni mnafuta na kunyamaza. Ekidor alifuta, akasema, kisha akapanda pikipiki akamfuata Lopeyok kwenye malisho mapya. Sitawaambia ni wapi. Hata leo sisemi. Alikaa nao siku kadhaa, hakurekodi kitu, alisaidia kunywesha ndama. Alivyonisimulia, Lopeyok hakumsamehe, ila jioni moja alisema kama mtu anayejisemea, "Ng'ombe mwenyewe si siri. Ardhi ndiyo siri." Akachukua shuka lake, akawapa vijana wawili walishike nyuma ya maksai, mmoja huku mmoja kule, mpaka mlima ukapotea na miti ikapotea, akabaki maksai peke yake mbele ya nguo nyekundu. "Kama ungefanya hivi," akasema. Kisha akajifunika shuka lake, akaenda kulala. Picha hakuruhusu.

Ekidor alirudi Lodwar na wazo hilo tu, na mwezi unakaribia kwisha.

"Unayo shuka, huna maksai," nikamwambia.

"Basi twende Kakuma," akasema.

Nilidhani jua limemwingia kichwani. Kule kambini wakimbizi hawana ng'ombe, nilisema. Akasema, "Waliwaacha ng'ombe. Nyimbo waliziacha?"

Basi niliomba ruhusa, nikaenda naye. Watu wa Sudan Kusini wale wenye ng'ombe wana desturi inayokaribiana sana na yetu, na Ekidor alilijua hilo kutoka sokoni, si kutoka kitabuni. Tulimkuta Deng, mwanaume mrefu aliyeuza sabuni na sukari kwenye kibanda cha mabati karibu na kanisa. Alicheka aliposikia tunachotaka.

"Mzee, mimi niimbe ng'ombe gani? Hapa ng'ombe yangu ni hii mizani."

"Uliyekuwa naye aliitwa nani?" Ekidor akauliza, kwa ile sauti yake.

Deng akaacha kucheka. Alipima sukari ya mteja aliyekuwa anangoja, akafunga mfuko, akampa. "Majok," akasema. "Mweusi na mweupe. Pembe moja inashuka hivi, moja inapanda hivi."

"Yuko wapi?"

"Alibaki ng'ambo. Sijui aliliwa na nani."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alisema kitu kwa Kiarabu cha Juba, kisha akatuambia kwa Kiswahili, "Usiku anaimba akidhani nimelala. Mwimbishe mchana tumsikie vizuri."

Akaimba. Mimi nimesikia nyimbo nyingi katika kazi hii, na maneno yake sikuyaelewa, lakini niliangalia kipimo cha sauti kwenye kinasa kisipite nyekundu na macho yangu hayakuona vizuri. Wateja walikusanyika. Wazee wawili wa Kisudani waliokuwa wakicheza karata waliweka karata chini. Ilipofika wakati wa picha, hapakuwa na maksai wa kupiga, basi mkewe akatoa shuka la kitanda lenye maua, yeye akashika upande mmoja na mimi upande wa pili, na Deng akasimama mbele ya shuka peke yake, mikono juu, mmoja umeshuka na mmoja umepanda.

Ekidor akapiga kwa simu yangu, na hiyo ndiyo picha tuliyoweka. Chini yake Ekidor aliandika: "Deng na maksai wake Majok. Jumamosi jioni." Basi.

Mimi nilifikiri watu wa kambini wangejibu, na walijibu, na ndugu zao walioko nchi za baridi ambako wapo wengi walijibu. Mmoja alijipiga picha mbele ya pazia, kofia ya sufu kichwani, mikono juu. Mwingine akafuata. Lakini walioamsha ukurasa hasa walikuwa watu wetu wenyewe. Wajukuu waliwaonyesha wazee ile picha, na wazee hawakuweza kunyamaza. Kijana mmoja akaandika alivyoagizwa: "Babu anauliza, huyo ng'ombe pembe yake imeanguka, alipigwa?" Deng mwenyewe, kwa simu ya kuazima, akajibu: "Mwambie babu ndivyo alizaliwa. Wa kwake anafanana na mbuzi." Mwingine: "Mtu asiye na ng'ombe anatuimbia sisi?" Mke wa Deng akajibu hilo: "Na nyinyi wenye ng'ombe mmenyamaza kwa nini?"

Siku hiyo sikuondoka dirishani. Meneja alileta kiti akakaa karibu nami, ananiuliza kila neno la Kiturkana lina maana gani, anacheka mpaka anafuta macho. Ekidor yeye alikuwa hacheki. Alikuwa anasoma polepole, anaandika majina yote kwa kalamu kiganjani, kwa sababu kila aliyeandika alitaka kutajwa kwa jina analojiita mwenyewe, si lile lililo kwenye simu. Shikeni hilo. Mtu akijiandika "Simba wa Turkwel", usimwite kwa jina la ubatizo. Amekuja kwako akiwa simba.

Jumamosi ikafika, ya mwisho ya mwezi. Nilikuwa nimeweka tayari wimbo wa Deng, nimepunguza kelele za soko kidogo lakini si zote, maana sokoni ndipo alipoimbia. Ekidor alikuwa anavaa vipokea sauti masikioni, ndipo tukasikia kengele nje. Si ya kanisa. Ilikuwa kengele ya shingo.

Lopeyok alikuwa langoni na yule maksai wake mwekundu. Alikuwa amemleta kwa miguu mpaka mjini, kupita maduka na benki, na nusu ya Lodwar ilikuwa inamfuata. Mlinzi alikuwa ameshika lango hajui afungue au afunge.

"Fungua," Lopeyok akamwambia. "Sijaja kununua redio."

Ekidor akatoka. "Ejok, baba."

"Ejok," Lopeyok akajibu safari hii. "Huyo Msudani wako. Ameimba vizuri?"

"Vizuri sana."

"Bila ng'ombe."

"Bila ng'ombe."

Lopeyok akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za aibu ya ukoo wake. "Mpige wa kwake kwanza, yeye ni mgeni. Halafu mimi. Na picha ipigwe hapa. Hapa kila mtu anajua ni redio." Kisha akatazama ukuta wetu, wenye nyufa na bango la sabuni lililochanika, hakuridhika nao kabisa. Akavua shuka lake. "Shikeni nyuma."

Mimi nilikuwa kwenye mitambo, wimbo wa Deng unakwenda hewani, siwezi kuacha. Ekidor alikuwa na kipaza sauti chenye waya mrefu mkono mmoja na simu ya mtu mkono wa pili. Kijana wa kwanza aliyejitokeza akachukua pembe moja ya shuka. Ya pili ikabaki inaning'inia. Watu wote walikuwa wamerudi nyuma, maana maksai hakuwa amewahi kuona umati kama ule na alikuwa anapiga kwato.

Kupitia dirishani nilimwona meneja akitoka mlangoni. Alizunguka nyuma ya maksai kwa mbali, akaingia na vile viatu vyake kwenye kile ambacho maksai alikuwa ameacha pale sasa hivi, hakutazama chini, akaishika ile pembe ya shuka na kuiinua juu ya kichwa chake. Lopeyok akainua mikono. Nikapunguza wimbo wa Deng taratibu ukaisha, nikafungua kipaza sauti cha nje, na sauti ya mzee ikaingia hewani pamoja na kengele.

Aliimba kwa muda mrefu. Taarifa ya habari ilichelewa, na hakuna aliyekuja kunigongea kioo. Ekidor aliposoma majina yote ya kiganjani na kufunga kipindi, meneja bado alikuwa amesimama pale nje na shuka juu, jasho limelowanisha shati.

Alinitazama kupitia nondo za dirisha.

"Akai," akasema, "muulize mzee Lopeyok. Jumamosi ijayo anaimba nani?"